Barua ya Jumatano

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa masjala ya chuo kikuu, na hakuwahi kumwonyesha mtu barua isiyomhusu. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wanafunzi na wafanyakazi waliombwa kumpigia kura mkuu wa chuo wanayemtaka. Wengi walicheka tu. Yeye alizunguka mabwenini na jikoni akiwabembeleza wapige kura, hata shemeji yake, mfagizi wa jengo lao.

"Shemeji, mimi na fagio langu, nani atanisikiliza?"

"Safari hii watakusikiliza. Wasipokusikiliza, nibebeshe mimi lawama."

Kura zilipigwa Ijumaa. Jumatatu baraza la chuo lilimtangaza mtu aliyeshika mkia, na barua yake ya uteuzi ikaletwa masjala kuhifadhiwa. Iliandikwa Jumatano, siku mbili kabla ya kura.

Shemeji alikuwa akipiga deki mlangoni. "Mbona umenuna? Au na wewe umenyimwa cheo?"

Karani aliigeuza barua, akaweka kidole kwenye tarehe.

Shemeji aliisoma taratibu. "Jumatano mimi hata sikuwa nimeamua nimpe nani," alisema. Kisha akabeba ndoo yake akaenda chumba cha pili, bila kumwita karani "shemeji" kama kawaida yake.