Mshipi Wangu Ndani ya Pampu

Aibu hii nimeibeba tangu mwaka jana, na kwa kuwa kanisa letu lote hapa Kalamba liliiona kwa macho, afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, ambaye huongeza chumvi.

Ilikuwa Jumapili ya ubatizo. Mto ulikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo tangi la ubatizo tulilijaza kwa pampu ya mkono, mashine ya zamani kunishinda mimi, na asubuhi hiyo ikawa inakohoa hewa tu. Nikaifungua nikakuta washa imekwisha, ile ngozi inayozunguka pistoni na kubana maji yapande. Siku nyingine ningengoja Jumatatu nikanunue mpya mjini Nunguni (mimi si mtu wa haraka), lakini kati ya wa kubatizwa alikuwepo mdogo wangu Mwangangi, niliyemwombea miaka thelathini, na huyo hutafuta sababu ndogo tu arudi nyumbani.

"Maji hakuna," akasema, kofia tayari mkononi. "Halafu kanisa lenu ni la watu wasio na doa, kaka. Mimi nitawachafulia tu."

"Keti hapo," nikamwambia.

Pasta akaleta tyubu ya baiskeli. "Mzee, tukate huu mpira, ni dakika mbili."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikamjibu kwamba pampu hii ilitengenezewa ngozi na itapata ngozi (nina majivuno kidogo juu ya pampu, Mungu anisamehe), nikavua mshipi wangu wa ngozi ya ng'ombe, nikakata kipande, na kwa kuwa ngozi kavu haibani mpaka inywe mafuta, nikakichovya kwenye sufuria ya mbuzi wa sherehe, nikakizungushia pistoni.

Maji yakaja. Tangi likajaa, vijiduara vya mafuta vikielea juu, na harufu ya supu ikaita mbwa wawili waliokuja kukaa mstari wa mbele.

"Mzee, tunabatiza ama tunapika?" akauliza Mama Ndinda, mwenye sufuria.

Watu wakaanza kucheka, Mwangangi akashika kofia tena, na Pasta, akitaka kutuliza mambo, akasema, "Tuinue mikono yote miwili tumshukuru Mungu kwa maji."

Mimi nilikuwa nimeshikilia suruali kwa mkono wa kushoto tangu niache kupampu. Lakini sijawahi kumshukuru Mungu kwa mkono mmoja, na maji yale nilikuwa nimeyaomba kweli, basi nikainua yote miwili, na suruali ikashuka bila hata kusimama magotini.

Kina mama wakajifunika macho kwa vitabu vya nyimbo. Aliyecheka kwanza ni Mwangangi, akacheka mpaka akakaa ukingoni mwa tangi.

"Pasta," akasema, akijifuta machozi, "kama huyu ndiye mzee wa kanisa, basi na nafasi yangu ipo. Niingize."

Akaingia akicheka, akatoka anang'aa mafuta kama chapati. "Kaka," akaniambia, "supu yenu imekosa chumvi tu."

Ile washa inavuta maji hadi leo. Mimi siku hizi navaa mshipi wa plastiki, usiofaa pampu yoyote, nisije nikajaribiwa tena.