Niliona Musalaba Pembeni ya Jina Langu, Nikamukata Shemeki

Barua hii imetufikia kutoka njia ya Kabambare. Mwenyewe ameomba tufiche jina lake na la kijiji chake, nasi tumeyaficha. Maneno mengine yote ni yake.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, nina bibi na watoto wanne. Kazi yangu ni kantonye, ni kusema nakata majani na kuziba mashimo kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Miaka tisa naifanya. Aliyetusimamia ni kaka wa bibi yangu, hapa nitamwita tu Kapita. Yeye njo aliniingiza kazini, na yeye njo nimemukata mukono. Nasema mapema kusudi musinizanie mutu muzuri.

Kila asubuhi Kapita alikuwa anaita majina. Ukiitwa unajibu "iko," naye anatia musalaba pembeni ya jina lako kwenye kitabu chake. Ule musalaba ni kusema umekuja, uko mutu wa kazi. Asiyekuja, jina lake linabaki tupu. Hata asiyejua kusoma anajua hivyo.

Basi vyama vya siasa vikaingia. Mimi nikachukua karte, ni kusema kadi ya chama, ya wale wanaotaka uhuru sasa hivi, Kapita akachukua ya wale wanaosema twende polepole na wazungu. Tangu hapo hatukula tena sahani moja. Siku moja kwenye soko la Kasongo nilimupiga muuza samaki wa Nyangwe sababu ya karte yake. Nilimutoa meno mawili, nikakanyaga samaki wake kwenye matope, na watu wa chama wakanibeba mabegani. Nilijiona mukubwa kweli. Leo nikikumbuka naona haya.

Halafu habari ikatoka biro ya teritware, ofisi ya wazungu wanaotutawala: Leta, ni kusema serikali, haina feza tena, kazi ya njia inapunguzwa, kantonye wengi watarudi nyumbani. Katibu wa chama chetu akatukusanya, akapanda juu ya kiti. Alisema feza iko, wazungu wanaihamisha kusudi watuachie inchi tupu, na watakaofukuzwa ni sisi peke yetu, maana makapita wote ni watu wa polepole. Akamaliza hivi: "Mukiona musalaba kwenye jina lenu, mujue wamekwisha kuwachimbia kaburi." Tulipiga kelele mpaka koo zikauma. Nilirudi nyumbani, nikakaa kunoa mupanga. Bibi yangu akauliza ninaunolea nini. Nilimuzaba kofi, nikamwambia yeye na kaka yake ni damu moja. Mungu anisamehe.

Kesho yake liste ya majina, makapita njo waliitengeneza, ikabandikwa kwenye mulango wa biro. Mimi nasoma majina tu, yale maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa juu siyajui. Nikaona jina langu, pembeni musalaba. Nikatafuta jina la Kapita, nikalikuta tupu, halina alama. Nikasema kumbe, mimi amenizika, yeye amejiacha. Sikuuliza mutu yeyote.

Nilimukuta kando ya njia anakusanya majembe ya Leta. Aliponiona alicheka, akataka kusema neno. Sikumupa nafasi. Niliinua mupanga, akajikinga na mukono wa kuume, mupanga ukamwingia kwenye kifundo, kiganja kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Nikamukata tena begani. Damu ilinirukia mudomoni na bado nilikuwa namutukana, namwita imbwa wa wazungu. Wenzetu wawili wa kazi walinipiga na mipini ya majembe mpaka nikaanguka.

Yeye alikuwa amekaa chini, ameshika mukono wake kifuani. Akaniambia taratibu: "Shemeki, musalaba ni wa kubaki kazini. Walitaka nitoe mutu mumoja tena, nikaacha jina langu bila kitu. Wewe una watoto."

Musalaba ni wa kubaki. Miaka tisa nilijibu iko na kuuona ukitiwa, nikausahau kwa maneno ya mutu aliyesimama juu ya kiti.

Hopitali ya Kasongo walimalizia kuukata ule mukono. Polisi walipofika, Kapita akasema tulikuwa tunafyeka majani pamoja, mupanga wangu ukateleza. Wale wenzetu wawili amewaomba wanyamaze, na wamenyamaza. Katibu wa chama alikuja kwangu kunipongeza eti nimemutia adabu adui. Nilipasua karte yangu mbele ya macho yake, halafu nikamupiga ngumi ya pua mpaka akakimbia bila kofia. Haikunipoza hata kidogo.

Bibi yangu amehama na watoto, yuko kwa kaka yake, anamulisha na kumufunga vifungo vya shati. Amenitumia neno moja: hatarudi mpaka niende tribinali, mbele ya hakimu, niseme ukweli. Nilikwenda kumupigia Kapita magoti, nikamwambia nitakwenda kujitoa. Akakasirika, mara ya kwanza tangu nimujue. Alisema nikifungwa, ile kazi inakufa, watoto wa dada yake watalala njaa, na mukono wake utakuwa umekwenda bure. Akanifukuza na kiwiko cha mukono uliobaki.

Sasa iko kapita mwingine. Kila asubuhi anafungua kitabu kilekile, anaita jina langu, najibu iko, anatia musalaba. Nikiuona nageuza macho, nabeba jembe, nakwenda kufanya kazi mbali na wenzangu.

Wababa na wamama munaosoma ukurasa huu, nitukaneni kwanza, nimestahili, halafu munijibu. Niende tribinali, nikaharibu kitu alichonipa kwa mukono wake? Ao kesho wakiniita, nijibu tena iko?