Shahidi wa Pili

Kazi yangu ya kwanza ni cherehani, na ya pili ni kusema kesho. Ya pili naiweza zaidi. Nawaambia wateja kesho kwa upole, huku nimebana pini mdomoni ili nisiulizwe swali la nyongeza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imefika miaka ishirini na miwili na bado inaendelea.

Mwisho wa mfungo huwa nahesabu siku kwa namna yangu. Mwezi wa Kiislamu huwa na siku ishirini na tisa au thelathini, na hakuna anayejua ni zipi mpaka mwezi utazamwe jioni ya ishirini na tisa. Usipoonekana, watu hukamilisha thelathini. Wengine huiona ile siku ya thelathini kuwa ya subira. Mimi huiita siku ya vifungo, kwa sababu ndiyo siku ninayotia vifungo nguo zote nilizosema zimekwisha wiki iliyopita.

Mwaka huo nilikuwa na nguo kumi na moja mkononi. Mojawapo ilikuwa kanzu ya mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, niliyomwahidi mara nne, na nyingine gauni la mke wangu, ambalo sikuwa hata nimelikata. Mganga hajigangi, na fundi hamshonei mkewe. Jioni ya ishirini na tisa mbingu zilikuwa zimefunga mawingu tangu alasiri, nami nikamshukuru Mungu kwa furaha ambayo nikiikumbuka naona haya.

Nilipokwisha kufungua kwa tende na maji, nikapanda juu ya paa kuanua vitambaa nilivyoloweka asubuhi ili visije vikarudi baada ya kushonwa. Nikainua kichwa nitoe kibanio kwenye kamba, na mawingu yakaachana kidogo tu, upana wa kiganja. Mwezi ulikuwa hapo katikati. Mwembamba kama uzi wa kushikizia, pembe zimeelekea juu, vidole vinne juu ya tangi la maji la jirani. Nikafumba macho, nikafumbua, bado upo. Watu husema mwezi umeandama. Siku ile mimi uliniandama. Mawingu yakafunga tena, nami nikakunja vitambaa vyangu polepole na kushuka.

Chini, mke wangu akaniambia muuza mkaa ameuona mwezi, na sasa yuko msikitini anatoa ushahidi. Nikasema vizuri. Akaongeza kwamba kuanza kufunga shahidi mmoja anatosha, lakini kumaliza, imamu wetu anataka wawili. Wa pili asipopatikana, kesho tunafunga. Nikasema hata hivyo vizuri. Hapo akaacha kumimina chai.

"Si ulikuwa juu sasa hivi? Umeuona?"

"Nilikuwa natazama vitambaa."

"Sikukuuliza ulikuwa unatazama nini."

Nikanywa chai. Nikajiambia muuza mkaa ni mtu mzima, atajitetea. Nikajiambia macho yangu yamechoshwa na matundu ya sindano. Lakini kufunga siku ya sikukuu ni haramu, hilo hata mimi nalijua, na hapo nilikuwa tayari kuufungisha mtaa mzima kwa ajili ya vifungo. Nikasimama, na mke wangu akaniletea kofia kabla sijasema ninakwenda wapi.

Msikitini nilimkuta muuza mkaa amekaa peke yake mbele ya imamu, mikono myeusi juu ya magoti, na waliomzunguka wananong'onezana. Niliposema nami nimeuona, akashusha pumzi. Imamu akaniuliza niliuona wapi, saa ngapi, pembe zimeelekea upande gani. Nikaeleza, na maneno yangu yakalingana na ya muuza mkaa, isipokuwa yeye hakutaja uzi wa kushikizia. Kisha imamu akawauliza waliokuwepo kama wananijua kuwa mtu mkweli.

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuatia, kisha msikiti mzima. Hata aliyekuwa akisoma Kurani pembeni akaweka kidole kwenye mstari wake ili acheke vizuri.

Mwalimu mstaafu hakucheka. Alisimama.

"Imamu, huyu kaniambia kesho mara nne. Leo anatuambia kesho ni sikukuu?"

Nilitamani zulia linimeze. Imamu akanigeukia, akataka kujua kanzu ya mwalimu iko wapi.

"Haina mikono," nikasema. "Nina nguo kumi na moja hazijakwisha. Nilikuwa naomba mwezi usionekane. Nimeuona, nikakaa nyumbani nanywa chai, natafuta namna ya kutokuja hapa."

Safari hii hakucheka mtu. Imamu akawaza kidogo, akasema, "Mwongo hudanganya apate nafuu. Huyu nafuu yake ilikuwa kunyamaza." Akainuka kwenda kwenye kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia kwamba mwezi umeandama.

Mlangoni mwalimu akaniuliza, kanzu lini? Kwa mazoea mdomo ukafunguka useme kesho, nikauwahi. Nikamwambia Jumatano. Asubuhi ya sikukuu aliswali na kanzu ya mwaka juzi. Nilikuwa safu ya nyuma yake, nikaona mshono wa bega umeachia. Nayo niliishona mimi.

Jumatano kanzu ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni tangu asubuhi, katika kile chumba cha mbele kilicho duka langu. Nilikaa nikiitazama njia kutwa nzima. Mwalimu hakuja. Alhamisi hakuja. Alikuja Jumamosi, kwa kuwa ananijua, akaniuliza imefikia wapi. Nikamwambia imekwisha tangu Jumatano. Akaigeuza, akaikagua mikono yote miwili, kisha akanikagua na mimi.

"Ya mwezi nilikubali," akasema. "Hii ya Jumatano, fundi, inataka shahidi wa pili."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia akijaribu gauni lake, lililokuwa limebaki upindo tu.

"Nipo, mwalimu," akasema.