Maji Yanayozaa

Andika, mjukuu wangu, usiongeze lako. Juzi ulinionyesha kwa hadubini ya shule tone la maji ya tangi lako la samaki. Vidudu viwili ulivyoviona siku iliyotangulia vilikuwa vimezaana, vimejaa tele. Nikamkumbuka mdogo wangu Anjelina, tulipokuwa watoto kule Kasulu, akiinamia chupa yenye samaki mmoja. Maji yalikuwa ya kijani, yakinuka tope.

“Dada, njoo uone, maji yanazaa!”

“Maji hayazai, mjinga we. Yameoza.”

Nikayamwaga, nikaisugua chupa kwa majivu, nikatia maji safi ya chemchemi. Sikujua kwamba ule ukijani ndio uliompa samaki hewa na chakula. Jioni akafa. Anjelina hakulia. Tangu siku hiyo, kila alipookota kitu cha ajabu, alifumba kiganja nilipokaribia.