Kwa Nini Niliweka Alama Kisanduku cha Tatu

Fomu imeondoka asubuhi hii na pikipiki. Ninaandika leo leo, nisije kesho kujidanganya kwamba nilichagua kwa utulivu. Nilichagua kwa hasira. Maneno yangu si ya msomi, nilisoma kushona, lakini nitajaribu kumtendea kila mtu haki, hata yule.

Nilipomaliza mwaka wa nane hapa Kasongo, konseye wa shule alituita mmoja mmoja. Konseye ndiye anayekupima akili na kusema uende section gani, yaani tawi gani la masomo. Mimi nilitaka pedagojia, niwe mwalimu. Alikuwa na karatasi, kalamu nyekundu, na saa yake ya mkono ameivua na kuilaza mezani.

"Jembe, panga, shoka, sufuria. Gani haiko pamoja na zingine?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Lakini kwetu nyumbani, mwanaume wa umri wa baba akikuuliza neno, msichana anainamisha macho na kungoja aulizwe mara ya pili. Kujibu papo hapo ni kama kumnyang'anya kitu mkononi. Sijui kama ni desturi ya Kasongo nzima. Mama alitulea hivyo, na yeye alilelewa hivyo. Basi niliinama, nikangoja. Hakuuliza tena. Alitazama saa, akaandika, akaenda swali la pili. Maswali kumi na mawili niliyanyamazia kwa heshima, na yote kumi na mawili aliyapa sifuri.

Baba alipokuja kusikia matokeo, konseye alisema mbele ya wazazi waliosimama mlangoni: "Papa, huyu mutoto iko muzito. Mupeleke kushona. Mikono hakuna mutu anaiulizaka swali."

Wazazi walicheka. Mmoja wao mpaka leo akiniletea kitambaa ananiita Muzito.

Niseme na haki yake. Hesabu kweli sikuziweza. Cherehani imenilisha na imesomesha wadogo zangu wawili. Tena siku ile ningeweza kufungua mdomo na kusema, mwalimu, najua. Nimejiuliza mara nyingi kama kosa lilikuwa langu, na kila nikijiuliza naishia kumchukia zaidi.

Mwaka huu fomu za saikolojia za chuo kikuu zimefika Kasongo, na diploma yangu ya kushona inaniruhusu. Ndani kuna visanduku vitatu, unaweka alama kimoja tu: saikolojia ya kutibu watu, saikolojia ya kazi, na saikolojia ya shule, ambayo ndiyo ya makonseye. Wanataka pia barua ya mwalimu anayekufahamu. Walimu wangu wa kushona wamehama, sijui waliko. Niliyejua aliko ni konseye yule, alihamishiwa Kabambare. Nilifurahi. Nilitaka mkono wake mwenyewe unifungulie mlango.

Njiani tulisukuma pikipiki kwenye tope mara tatu. Dereva aliniangalia nilivyokaza uso.

"Mama, unaenda kwenye matanga?"

"Hapana. Kwenye egzame ya maswali."

"Ya kwako?"

"Ya mwalimu wangu."

Nilimkuta uani anamenya karanga. Amezeeka. Hakunikumbuka, na hilo liliniuma kuliko yote. Alinipa kiti, akanipa maji, akavaa miwani na kusoma fomu.

"Sema, mama. Nikusaidie nini?"

"Kwanza nikuulize, mwalimu. Jembe, panga, shoka, sufuria. Gani haiko pamoja na zingine?"

Niliweka simu yangu juu ya kinu, tuone dakika. Alinitazama, karanga mkononi. Mke wake akatokea mlangoni.

"Muzee, mama anakuuliza."

"Nimesikia," alisema, akaendelea kunitazama usoni.

Dakika iliisha. "Sifuri," nikamwambia. "Uko muzito, mwalimu."

Mke wake alicheka, kicheko kile kile cha wazazi wa mlangoni. Utamu wake sitauficha. Nilikuwa nimeungoja miaka.

Kisha akasema polepole: "Sufuria. Nilijua. Nilikuwa natafuta nilikuona wapi."

Nikamweleza yote, desturi ya kuinamisha macho na kungoja kuulizwa mara ya pili. Hakuomba msamaha. "Ile hawakutufundisha," alisema. "Karatasi ilisema sekunde makumi tatu." Halafu akaandika barua, na ni barua nzuri, inasema nina subira na kumbukumbu. Akagusa kisanduku cha kwanza, cha kutibu watu, kwa kidole. "Weka hapa. Mutu anayejua kungoja mwenzake aseme, haiko wengi. Kwenye shule subira yako utaipoteza bure."

Labda alisema kweli. Wanawake wanaoniletea vitambaa hukaa saa nzima wakieleza ya waume zao na ya vita walivyokimbia. Mimi hushona na kungoja, nao huondoka wepesi. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Na lazima niandike pia kwamba kimya chake nimekihesabu kama alivyohesabu changu. Sikumuuliza mara ya pili. Yeye hakujua anachofanya, mimi nilijua. Kosa langu ni kubwa kuliko lake. Nimeliandika, na sifuri yake bado sitaki kuifuta.

Leo niliweka alama kisanduku cha tatu, cha makonseye. Sidhani nitakuwa bora huko. Cha kwanza alikigusa yeye, na mtu yule hatanichagulia section mara mbili. Nikimaliza nitakalia kiti chake hapa Kasongo, saa nitaitia mfukoni, na mtoto akiinamisha macho nitauliza tena. Kisha kila atakayejibu mara ya pili, habari zake nitamwandikia konseye yule kule Kabambare, mmoja mmoja, mpaka achoke kusoma.