Nani Alichimba Mfereji wa Karangwuni

Kwa miaka kumi na tisa Wiratmi alifundisha historia Karangwuni, kijiji cha Java, na kwa miaka kumi na tisa alikichukia kitabu cha historia. Kitabu kilisema mfereji unaomwagilia mpunga wa kijiji ulijengwa na mhandisi wa Kiholanzi. Mtu mmoja, na kofia yake, kilomita saba!

Mwaka huo aliwafungulia wanafunzi maktaba moja ya Uholanzi iliyoweka magazeti ya zama za ukoloni mtandaoni, bure. Simu zilikuwa nne darasa zima, na Kiholanzi hakuna aliyekijua. Walitafsiri neno kwa neno, wiki tatu, mpaka wakaipata habari yao chini ya tangazo la sabuni: watu mia mbili na kumi na wawili wa Karangwuni walilazimishwa kuchimba bila ujira, na thelathini na wanane wakafa kwa homa. Hao walikuwa wazee wao.

Ukaja mtihani wa wilaya. Nani alijenga mfereji? Ningrum, binti wa fundi matofali, hodari kuliko wote, aliandika alichokisoma kwa macho yake. Wakampa sifuri. Kwa alama mbili akaikosa sekondari ya serikali, na ya kulipia ada baba yake hakuiweza.

Baba mtu hakuja kugomba. Alikuja na kikapu cha mihogo ya kukaanga, akainama, akamshukuru mwalimu kwa kazi yake. Afadhali angemtukana. Mpaka siku hiyo Wiratmi aliikasirikia wilaya. Sasa alijikasirikia mwenyewe pia.

Alikwenda ofisini mara tatu. Bwana Hardono, mkuu wa mitihani, alimmiminia chai, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ndiyo, mama, ndiyo, tutalitazama. Mjava gani asiyejua kwamba ndiyo ya namna hiyo ni hapana iliyovaa nguo za sikukuu? Wiratmi alijua, na bado mara mbili alirudi nyumbani na matumaini, kama mjinga. Mara ya tatu hakuigusa chai.

"Mama Wiratmi, mbona unajisumbua?" Hardono akamsogezea karatasi. "Tia sahihi hapa kwamba ulimfundisha mtoto vibaya. Kosa likiwa la mwalimu, mtoto hufidiwa alama."

"Na gazeti je?"

"Gazeti halifanyi mtihani, mama."

"Kwa hiyo unajua mtoto kasema kweli."

"Mimi ninachojua, nafasi zinafungwa saa nane."

Alitamani kummwagia ile chai usoni. Lakini saa ya ukutani ilikuwa saba na nusu, na Ningrum hakuwa na mtu mwingine wa kumtetea. Akatia sahihi. Kisha akadai nakala yenye muhuri, na Hardono, aliyekwisha kupata alichotaka, akampa bila kuuliza.

Ningrum alipata nafasi yake. Jumatatu Wiratmi aliingia kwenye darasa jipya, akawagawia watoto nakala za ile karatasi aliyoitia sahihi. Aliwaambia hii ni hati kama hati nyingine, waiulize: nani kaiandika, lini, na kwa faida ya nani.

Waliisoma. Kisha msichana wa dirishani akainua mkono.

"Mwalimu, jina hili ni lako. Lakini mimi naona huyu alilazimishwa."

"Liandike hilo daftarini," Wiratmi akamwambia. "Kwenye mtihani andika la wilaya."