Mbio za Kupita kwa Wakwe

Munyakazi alikubali kukimbia kwa sababu tangu masika alikuwa akikubali kila kitu. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimtilia chumvi kwenye chai kwa bahati mbaya, anakunywa mpaka mwisho na kukurudishia kikombe kwa asante. Basi bwana mwenye ghala la kahawa alipomwita na kumwambia, "Munyakazi, ku sikukuu ya Wabelgiji ni weye utatukimbilia," alijibu ndiyo bwana, akarudi kwenye mzani wake na kuendelea kupima magunia.

Hakuna aliyemuuliza miguu inasemaje. Ni kweli kwamba zamani, kabla malori hayajazoea barabara ya Rutshuru, Munyakazi alikuwa mchukua barua, akipanda na kushuka na mfuko mgongoni hadi watu wa njiani wakamjua kwa kishindo cha hatua zake. Lakini hiyo ni zamani. Mwaka huo wa 1957 alikuwa mtu wa kukaa. Kitambi kilikuwa kimeanza kumtangulia mlangoni, na magoti yalilalamika hata kwenye ngazi za ghala. Watu wana kumbukumbu nzuri sana ya miguu ya mwenzao. Wanaikumbuka ilivyokuwa, kisha wanamwingiza kwenye mashindano.

Na njia yenyewe ilichaguliwa na mtu mwenye gari. Kutoka kando ya ziwa, kupanda Munigi, kuzidi kupanda hadi Kibati chini ya volkano, kuzunguka pipa lililowekwa pale, kisha kurudi: kilomita ishirini na moja, nusu yake mlima mtupu. Kwa mwenye gari, mlima ni jambo la kukanyaga chuma kwa nguvu kidogo.

Lakini mlima haukuwa tatizo kubwa la Munyakazi. Kibati ndiko walikokaa wakwe zake, na kwa wakwe zake ndiko alikokuwa mke wake, Apolline, tangu mtoto wao afariki.

Mtoto aliitwa Nyirarukundo. Alikuwa anaanza kusimama kwa kushika kigoda. Surua ilimchukua masika yale, upesi, na Munyakazi akamzika, akawashukuru waliokuja, na kesho yake akaenda kazini. Hakulia. Si kwamba alijizuia, kama wanaume wanavyojizuia. Hakuona kitu cha kuzuia. Ndani mwake palikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Tena mguu ukikaliwa vibaya baadaye huanza kuchoma, lakini yeye hakuchomwa. Apolline alimtazama hivyo siku nyingi. Halafu akafunga vitu vyake, akapanda Kibati kwa baba yake.

Munyakazi alimfuata kama desturi inavyotaka, na mtungi wa pombe ya ndizi na wazee wawili wa kumsemea. Baba mkwe, mzee Ntirenganya, aliwapokea vizuri. Pombe ilionjwa, ikasifiwa. Kisha Apolline akaitwa aeleze kilichomtoa kwa mumewe, naye akaeleza mbele ya wote bila kupandisha sauti.

"Hakunipiga. Hakuninyima kitu. Lakini ule mutoto alikufa, na huyu hakusema hata neno moja juu yake. Aseme sasa. Akisema, ninarudi leo."

Wazee wakamgeukia Munyakazi. Akafungua kinywa. Alitafuta neno kwa bidii, kwa kuwa alimpenda mke wake na alitaka arudi, lakini hakupata hata moja, akabaki kutazama povu la mtungi. Mzee Ntirenganya alisubiri kwa heshima, kisha akasema basi, labda siku nyingine. Pombe ilinywewa yote, na Munyakazi akashuka bila mke.

Siku ya mbio ilikuwa ya kiangazi, vumbi tupu. Ghala lilimpa fulana na kaptula nyeupe iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwembamba, kwa hiyo mapaja yote yalikuwa nje. Rafiki yake Useni, dereva wa lori la ghala, alikuwa amepewa kazi ya kufuata nyuma na kuwaokota watakaoshindwa.

"Ukichoka, nyoosha mukono tu," Useni alimwambia. "Mambo ya kufia ku sikukuu ya watu, hapana."

"Sawa," Munyakazi akasema.

Alianza polepole, akaendelea polepole zaidi. Vijana walimpita, kisha wasio vijana wakampita. Kufika Munigi pumzi ilikuwa imekwisha, kifua kinawaka, na goti la kushoto linatoa sauti ambayo goti halitakiwi kutoa. Yote hayo aliyasikia kama habari za kijiji cha watu wengine. Wakimbiaji wenye akili walikuwa wamekwisha kuketi juu ya mawe meusi kando ya njia, wakingoja lori. Yeye hakusimama, na msidhani ni ushujaa. Hakusimama kwa sababu hakuna aliyemwambia simama.

Wa kwanza walipoanza kushuka na kupishana naye, mikono yao ina mistari ya chokaa, alijua kwamba Kibati ni karibu. Pale kwenye pipa aliwekwa karani mmoja, Viateur, mwenye kopo la chokaa, ili kila anayezunguka apakwe mkononi na asiwepo wa kudanganya. Pipa lenyewe, kwa kuwa palikuwa na uwanja kidogo, liliwekwa mbele ya kiingilio cha ua wa mzee Ntirenganya.

Na mbele ya kile kiingilio, katikati ya wanawake waliotoka kutazama, alisimama mama mkwe na kibuyu cha maji.

Kwa watu wa kule, mwanamume hasimami mbele ya mama wa mke wake mapaja nje. Hata chakula hali mbele yake. Munyakazi alikuwa na majuma mazima ya kufikiria jambo hilo, na hakulifikiria, kwa kuwa siku hizo hakuna alilofikiria. Sasa alimwona yule mama, na yule mama akamwona yeye. Mama akafanya kama mwanamke mwenye adabu anavyofanya: akageuka, akajifunika uso, akataka kuondoka. Lakini watu walikuwa wamesongamana, hakupata pa kupita. Akabaki amewapa mbio mgongo, mzee wa watu, uso wake umeelekea kwenye miti ya ua.

Munyakazi aliacha njia. Alishukia shamba la maharage, akachutama nyuma ya ukuta wa mawe. Hakuweza kwenda mbele, na bila chokaa hakuweza kurudi. Watu walicheka. Viateur alinyanyua kopo lake.

"Weye wa ghala, kuja nikupake. Pipa halikuumi."

Munyakazi akazidi kujikunja. Alikuwa radhi kukaa pale mpaka jioni. Alitazama chungu wakipanda jani la haragwe na hakuona tofauti kubwa kati ya kukaa huko na kukaa mahali pengine.

Kisha kivuli kikaja juu ya lile jani. Alikuwa Apolline. Alikuwa amekonda, na mabegani amejitupia mbeleko ya Nyirarukundo, ile ya kitambaa cha buluu aliyombebea mtoto tangu kuzaliwa.

"Mama yangu anasimama ku ua sawa mwizi, sababu yako," alisema.

"Ninaona."

"Simama."

Akasimama. Apolline akavua mbeleko, akamzungushia kiunoni, akaifunga kwa nguvu kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Ilimfika chini ya magoti. Hakumtazama usoni.

"Kwenda sasa."

Akaenda. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walijishika mbavu, Viateur akampaka chokaa huku anacheka. Mama mkwe, alipoambiwa kwamba mkwe amesitirika, aligeuka na kupokea salamu yake kwa adabu zote, kana kwamba amekuja kuwatembelea siku ya Jumapili. Na kwenye kiingilio mzee Ntirenganya, ambaye pombe aliyoinywa siku ile bila kumrudisha binti ilikuwa bado inamlemea moyoni, alimtazama binti yake, akaitazama ile mbeleko, akatikisa kichwa taratibu.

Kushuka nako si kupumzika, hasa kwa magoti. Mbeleko ilimkaza, hatua zikawa fupi. Jua lilikuwa limepanda, jasho likawa linamtiririka mpaka kiunoni, na kitambaa kikalowa na kupata joto la mwili.

Watoto wa kule hupakwa samli ya ng'ombe. Samli ile ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi miezi na miezi, ikalala humo. Karibu na Munigi, kwa joto lile, ikayeyuka, na harufu ikapanda: samli, maziwa yaliyochacha, na ile harufu nyingine ambayo haina jina, ya utosi wa mtoto aliyelala. Munyakazi aliitambua kabla hajajua anatambua nini. Akasimama katikati ya barabara.

Aliumia. Sina namna nyingine ya kusema. Aliumia kifuani, aliumia kwenye mkono wa kushoto pale alipokuwa akimpakata. Machozi hayakutoka. Lakini ganzi ilikuwa imetoka, yote kwa mara moja, na akatamani irudi.

Lori likamfikia, limejaa wanaume waliolowa jasho, wanavuta tumbaku.

"Panda, ndugu yangu," Useni akasema. "Nafasi iko."

"Hapana."

Useni alizima mota. Hakuwa amesikia neno hilo kwa rafiki yake tangu masika.

"Unakataa?"

"Mule munanuka."

"Na weye unanukia maua?" Useni akauliza, akawasha mota, akaondoka anasonya.

Munyakazi hakukimbia tena kwa kweli. Alikwenda, akikamata pindo la mbeleko, akiliinua puani, akilishusha, akiliinua. Watoto wa njiani walimfuata wakimcheka mwanamume aliyevaa nguo ya mama. Alifika mwisho wa wote. Wapiga tarumbeta walikuwa wamekwenda kula, na bwana wa ghala alimtazama kiunoni, akaondoka zake. Munyakazi alikwenda nyumbani, akaketi kizingitini, mbeleko bado kiunoni.

Jua lilikuwa halijazama Apolline alipotokea na mzigo kichwani. Hakuushusha.

"Usifikiri nimerudi," alisema. "Baba amenitosha kwake, amenifukuza. Anasema nimekuvalisha kama mume wangu mbele ya Kibati muzima, sasa atawaambia wazee wako nini tena? Anasema mambo imeisha. Miye nilihurumia mama, ni ile tu."

"Sawa."

Uso wa Apolline ukajifunga. Ile sawa aliijua vizuri. Alikuwa ameishi nayo ndani ya nyumba mpaka ikamtoa.

"Nipe nguo yangu," akasema. "Nitalala nayo leo. Kesho nitaona ninakwenda wapi."

Mikono ya Munyakazi ilikwenda kwenye fundo yenyewe, kama ilivyozoea kumtii kila mtu. Ikafika, ikakwama hapo.

"Hapana."

"Nini?"

"Sitaitoa."

"Munyakazi, hii ni ya mutoto."

"Ninajua ni ya nani." Alikuwa akiangalia chini, kwenye vumbi. "Nilimusikia ku Munigi. Harufu yake. Kichwa yake yote, sawa vile ananilalia hapa. Nikasema nisipande kamio ya Useni, itapotea. Nikatembea ninanusa. Ninanusa, ninanusa. Kufika hapa, hakuna tena." Sauti yake ilianza kukatika, akailazimisha. "Iko jasho yangu tu. Nimemumaliza Nyirarukundo. Nimekumalizia mutoto wako, Apolline."

Apolline alishusha mzigo. Akainama, akashika pindo, akalipeleka puani, akavuta pumzi. Akavuta tena, mahali pengine, kwenye kona, kwenye fundo. Miezi yote hiyo alikuwa hajaifua, na mama yake alipotaka kuifua alimnyang'anya. Kila usiku alijifunika nayo uso. Sasa palikuwa na jasho la mwanamume, vumbi la barabara ya Rutshuru, na chokaa.

Alimpiga ngumi begani. Akampiga tena, kwa nguvu. Munyakazi hakujikinga, alikuwa analia kwa mdomo wazi, vibaya, kama mtu asiyejua jinsi inavyofanywa, na kamasi zinamtoka. Mkono wa Apolline ukabaki begani pake. Alikuwa amedhani siku zote kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

"Ulimusikia na weye," alisema.

Munyakazi akaitikia kwa kichwa. Apolline akaketi kando yake kizingitini, na mzigo ukabaki pale nje alipoushusha.